Salamu Zilizofutwa kwa Kalamu Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlinzi. Nikakaa juu ya jiwe jeusi la volkano mkabala na lango la kituo cha televisheni, mkoba magotini, nikiomba Mungu mtu yeyote asipite akaniuliza natafuta nini. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka kumaliza shule ya sekondari, na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko mimi. Mkobani nilikuwa na penseli mbili, mhogo wa kuchemsha, na daftari ambalo nilikuwa nikiandika kila siku tangu mwaka wa pili wa sekondari. Kusema kulinishinda. Kuandika hakukunishinda. Ninyi vijana mnaoandika michezo ya televisheni leo, na mnaoniuliza sisi tulifanyaje zamani za Zaïre, mnisamehe nikilifungua daftari hilo mara kwa mara. Kumbukumbu yangu inajipendelea, lakini daftari halijui kunipendelea.

Aliyenipokea alikuwa Shefu wa Programu. Jina lake sitaliandika. Hata siku zile tulimwita kwa cheo tu, na mbele ya cheo tuliweka "Sitwayeni", yaani raia, kama serikali ilivyotaka. Alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ya kijivu, iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Alikuwa amesomea Kinshasa, kisha Ulaya, na alipenda vitu vifanyike upesi.

"Unajua kupiga mashini?" aliniuliza.

"Ndiyo, Sitwayeni Shefu."

"Na kunyamaza, unajua?"

Hilo nililijibu kwa kichwa. Akacheka mara moja, kwa pua. "Umepata kazi. Miezi mitatu ya majaribio. Na usikie vizuri: hapa daktilo ni mikono. Kichwa unaacha kwa lango asubuhi, unakichukua jioni."

Daktilo ndiye mpiga mashini. Kazi yangu ilikuwa kupiga maneno ya mchezo kutoka katika mwandiko wa Shefu, kwa nakala tano: karatasi, karbone, karatasi, karbone, mpaka mwisho. Nakala ya kwanza ilikuwa ya Shefu, ya pili ya rejisere, yule aliyewaongoza watu wa kamera. Ya tano, iliyofifia kama maji ya kuoshea wino, ilikwenda kwa mtu asiye na cheo. Kwetu huyo alikuwa Papa Ramazani, na ajabu yake ni kwamba ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote mchezoni. Yeye ndiye aliyecheza Komisere Lukeka, mpelelezi wetu.

Papa Ramazani alikuwa Mwislamu wa hapa Goma, ukoo wao ulitoka Maniema kwa biashara. Alikuwa ameendesha lori miaka ishirini mpaka mgongo ukakataa. Herufi za Kiarabu alizisoma tangu chuo cha Kurani, lakini hizi za mashini yangu hakuzijua, na katika kituo kizima tulijua watu wawili tu: yeye na mimi. Nakala ya tano aliishika kwa heshima tu. Kila adhuhuri tulikaa nyuma ya stoo ya nyaya, mimi nasoma, yeye anafumba macho na kurudia. Mara mbili zilimtosha. Kwa sababu ya kazi hiyo ndogo nilijifunza kusema mbele ya mtu, maana maneno hayakuwa yangu.

Lazima niwaeleze namna tulivyorekodi, la sivyo hamtaielewa hofu ya Shefu. Hatukuwa na chombo cha kukata na kuunga picha. Bande, ule utepe wa kurekodia, uliwashwa ukaenda dakika ishirini na sita bila kusimama. Mtu akisahau neno dakika ya ishirini, tunarudi mwanzo. Jogoo wa jirani akiwika, tunarudi mwanzo. Mvua ikipiga mabati, tunakaa chini na kungoja. Basi kila neno la ziada lilikuwa adui, na Shefu alipigana nalo kwa kalamu nyekundu. Akikaa na nakala yake, kitu cha kwanza alichofuta kilikuwa salamu.

"Salamu haina habari," alisema. "Mutu aliuawa. Komisere anaingia, anauliza, anatoka. Batu banataka kujua nani aliua."

Mchezo wetu ulipewa sehemu sita, kila Jumapili saa kumi alasiri. Lakini Direktere, aliyekuwa juu ya Shefu, alisema wazi: kama baada ya sehemu ya nne watu hawaufuati, saa hiyo itarudishwa kwa vikundi vya kuimba na kucheza. Shefu hakunificha maana yake kwangu. Mchezo ukifa, daktilo wake hana cha kupiga. Anarudi kwao milimani.

Televisheni zilikuwa chache. Iliyotazamwa na wengi ilikuwa katika ukumbi wa parokia, juu ya kabati, na mimi nilikwenda huko kila Jumapili, nikakaa benchi la nyuma kuwatazama watazamaji. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Mgongo wa mtu haujui kudanganya.

Sehemu ya kwanza: mfanyabiashara wa maharage amekutwa amekufa nyuma ya ghala lake. Komisere Lukeka anafungua mlango wa nyumba ya marehemu, anasimama mbele ya mjane, anasema: "Ulikuwa wapi saa mbili?"

Mama mmoja mzee ukumbini akasema kwa sauti, kama mtu aliye jikoni kwake:

"Eh! Hata jambo hasemi?"

"Labda ni mugonjwa," jirani yake akamjibu.

"Mugonjwa gani? Hana adabu. Kwa mufiwa mutu anaingia namna ile, sawa mbuzi kwa shamba?"

"Mimi ningekuwa ule mujane, ningemufukuza na mufagio. Na majibu hapati!"

Watu wakacheka, na walipokwisha kucheka maneno matatu muhimu ya mjane yalikuwa yamepita. Jumapili ya tatu mabenchi ya mbele yalikuwa na watoto tu, nao walikuwa wakipigana.

Daftari langu la ile Jumapili ya kwanza linasema hivi: *Leo nimeona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwa mfiwa bila salamu. Yule bibi ana haki. Kwetu mtu asiyekusalimu humwambii hata njia ya kwenda mtoni, sembuse nani kaua. Lakini mimi ni mikono. Nitamwambia nani?*

Nikamwambia Papa Ramazani, nyuma ya stoo. Hakushangaa.

"Mutoto wangu, miaka makumi mbili niliuliza njia katika vijiji vya watu. Ukishuka kwa lori na kuuliza, banakutuma kwa matope. Ukisalimu, ukiuliza batoto, ukiuliza mvua, mutu anapanda mwenyewe ndani ya lori akuonyeshe. Ule Komisere hajapata kuuliza njia hata siku moja."

Siku moja baada ya Jumapili ya tatu, baba yangu alikuja.

Nilikuwa sijamwona tangu nianze kazi. Alikuwa mfugaji, milima ya Masisi, mtu wa ng'ombe na sala, na mjini alishuka mara mbili kwa mwaka. Alisimama langoni kituoni, kofia mkononi, viatu vimejaa udongo wa kwetu. Tukasalimiana kama inavyotakiwa. Kwetu mtu anayetoka nyumbani hukuletea nyumba nzima kwa mdomo, kwa mpangilio wake, na baba yangu hakuwahi kuubadilisha: kwanza mama, kisha watoto, kisha majirani, ng'ombe, mvua.

"Uko muzima, mutoto?"

"Niko, papa. Nyumbani?"

"Batoto bako. Mudogo wako ameota meno mapya. Majirani bako, mutoto wao alioa. Ng'ombe banakula, ile ya madoa ilizaa. Mvua iko. Shangazi yako huku iko muzuri? Na ile mbwa yake?"

Aliuliza mpaka mbwa. Nilimwangalia mdomo, nikingoja arudi alipoparuka. Hakurudi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na uso wake ulikuwa wa kawaida, na mimi nilijua, pale langoni, kabla hajaniomba tutafute mahali pa kukaa, kwamba mama yangu amekufa.

Baada ya mazishi alinisindikiza mpaka barabarani. Wadogo zangu walikuwa wanne. Hakunilazimisha, baba yangu hakuwa mtu wa kulazimisha.

"Batoto ni badogo, unaona. Ile kazi ya mujini, iko na mizizi? Kama haina, urudi. Nitashuka Jumapili hii niione na macho yangu."

Jumapili hiyo ilikuwa ya nne. Hakujua ndiyo ileile ya Direktere.

Nikarudi Goma na siku tatu mkononi. Sehemu ya nne ilikuwa imekwisha kuandikwa na Shefu: rafiki wa marehemu, dereva wa magunia, anahojiwa kwa maswali makali kumi na mawili, la mwisho linamvunja, anakiri kuua. Nikaipiga. Kisha nikaweka karatasi mpya na karbone zake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapiga kitu ambacho hakikuandikwa na mtu mwingine.

Nilifanya hivi. Nilirudi kwenye asubuhi ile maiti ilipoonekana, nikaiandika upya. Komisere anabisha kwa mjane, anavua kofia, anasalimu, anakaa, haulizi kitu, anakunywa maziwa aliyopewa. Habari ya kifo bado haijatoka nje ya nyumba. Mlango unabishwa. Anaingia yule rafiki, ametoka safari, mtu mwenye tabasamu. Anasalimu. Anauliza habari za mama, habari za watoto, mmoja mmoja kwa majina. Anauliza ghala. Anauliza mvua. Mjane anamjibu yote, hana nguvu ya kukatiza. Na mwenye nyumba, rafiki yake wa miaka yote, hamwulizi.

Sikuthubutu kumpa Shefu mkononi. Nilichomeka ule ukurasa katikati ya zingine, nikakimbia kupanga nyaya zisizonihusu. Baada ya robo saa nikaitwa. Ukurasa ulikuwa mezani, na juu yake mstari mwekundu, kona hadi kona.

"Sitwayeni Mapendo. Nani aliandika hii?"

"Njo mimi. Ni mimi niliandika."

"Nilikuambia kichwa unaacha wapi?"

"Kwa lango, Shefu."

"Sasa hii ni nini? Salamu dakika mbili! Maswali yangu kumi na mawili yako wapi?"

Papa Ramazani alikuwa mlangoni, ameshika nakala yake ya tano kama mtu anayesoma. Hakunisaidia kwa neno. Baadaye aliniambia kama angesema yeye, ningebaki mikono maisha yangu yote.

"Shefu, yeye hajauliza mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba amekufa."

"Ndiyo. Lakini yeye ametoka safari. Alijuaje?"

Shefu akauvuta ukurasa karibu. Akausoma tena tangu juu, polepole, midomo ikicheza, na nikaona kidole chake kikishuka kwenye majina ya watoto, kwenye ghala, kwenye mvua, kikitafuta.

"Ulitoa wapi hii?" Sauti ilikuwa nyingine.

"Nyumbani, Shefu."

Alijua nilikotoka juma lile. Ndiye aliyenipa ruhusa ya kwenda. Hakuuliza zaidi. Akasema jambo ambalo limenilisha miaka yote, kwa hiyo msije mkamwona mtu mbaya. Alisema:

"Komisere asiseme kitu. Umenielewa? Ukimufanya aseme 'umesahau mwenye nyumba', umewanyang'anya batu furaha yao. Kamera itamwangalia usoni. Kikombe kinasimama njiani kwenda kwa mdomo, basi. Atakayeona, ataona." Akanisukumia ukurasa. "Piga upya. Nyekundu haifutiki."

Picha hiyo ya uso, sisi tuliiita plani ya karibu. Shefu aliijua kutoka masomoni, mimi nilijua salamu kutoka milimani, na kabla ya siku ile hakuna kati yetu aliyejua kwamba vitu hivyo vinahitajiana. Papa Ramazani aliongeza chake. Njiani kuingia kwa mjane, aligonga gurudumu la gari la Komisere kwa ncha ya kiatu, kama alivyogonga magurudumu ya lori lake kila asubuhi. Hakuna aliyemwagiza. Rejisere akalipenda, likabaki. Tulirekodi mara tatu: mara ya kwanza iliharibiwa na jogoo, ya pili na mimi mwenyewe, maana nililia kwa sauti nyuma ya kamera.

Jumapili baba yangu alishuka. Baada ya misa ya pili akala kwa shangazi, kisha nikampeleka ukumbini, saa kumi tukakaa benchi la nyuma. Televisheni hakuwa ameiona hata siku moja. Alivua kofia kwa heshima yake, kama kanisani. Mabenchi ya mbele watoto, ya kati watu kumi na kitu. Yule mama mzee alikuwepo, sijui kwa nini. Labda kwa kugombana.

Komisere akabisha, akavua kofia, akasalimu, akaketi, akanyamaza na mfiwa.

"Leo amefundishwa," mama mzee akasema, na akaweka mkoba wake chini. Mtu akiweka mkoba chini, amekubali kukaa.

Akaingia yule rafiki. Akauliza mama, akauliza watoto kwa majina, akauliza ghala, akauliza mvua. Uso wa Papa Ramazani ukajaa kioo kizima. Kikombe kikasimama. Ukumbi haukuelewa bado. Nilisikia kando yangu pumzi ya baba yangu ikikatika, kisha akasimama, yeye mtu mpole asiyewahi kuinua sauti hata kwa ndama, akanyoosha mkono wenye kofia kuelekea kabatini:

"Njo ule! Ameruka mwenye nyumba! Anajua!"

Vichwa vikageuka. Halafu mama mzee akapiga kofi mapajani: "Aiii! Kweli! Hajamuuliza!" Na kelele ikashika benchi kwa benchi, kila mmoja akimweleza mwenzake, watoto wakiulizana nini, na sauti ya televisheni haikusikika tena mpaka mwisho. Jumapili iliyofuata watu walisimama hadi madirishani. Sehemu sita zikawa ishirini na nne. Lakini hayo niliyajua baadaye.

Nje, baba yangu alitembea mbele yangu mpaka kwenye ukuta wa mawe wa parokia, akasimama akiangalia upande wa volkano.

"Ile siku, pale kwa lango. Ulijua?"

"Nilijua, papa. Uliruka mama."

"Na mimi nilifikiri nimeficha vizuri."

"Uliuliza mpaka mbwa wa shangazi."

Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akajipangusa kwa kofia. "Baki," alisema. "Ile iko na mizizi. Batoto nitaosha mimi."

Na aliwaosha, na kuwapikia, na wakamcheka kwa ugali wake. Tangu siku hiyo, kila aliposhuka kutoka Masisi, alianza salamu zake vilevile kama zamani: "Mama yako amelala vizuri, tumepalilia kaburi." Kisha watoto, kisha ng'ombe. Nafasi ya mama haikuchukuliwa na mtu.

Mengine ya kazi ni marefu na mengi yanafanana. Baada ya majaribio nikawa sekretere wa maandishi. Mikono na kichwa, kwa mshahara wa mikono. Nikapelekwa Bukavu chini ya Shefu wa Sauti aliyeamini kwamba kila hatari inahitaji tarumbeta. Nikapelekwa Kisangani, ambako Direktere mmoja alinitaka niue mtu katika kila sehemu. Nilimuulia kuku mara moja, akanielewa. Papa Ramazani alifariki nikiwa huko. Nilirudi Goma na kumwona mjane wake, nikakaa muda mrefu bila kuuliza kitu. Shefu wa Programu alistaafu kabla yangu. Siku ya kuagana alinipa ile kalamu nyekundu, kipande tu, akasema, "Futa maelezo. Salamu uache."

Nami niliacha. Watu hunisimamisha hata sasa sokoni, hawakumbuki nani alimwua mfanyabiashara wa maharage, wala kwa nini. Wanakumbuka kikombe. Wanakumbuka kiatu kikigonga gurudumu. Nadhani fumbo ni mlango tu. Mtu anapita mlangoni kwa sababu ndani kuna watu anaotaka kukaa nao.

Nimestaafu sasa. Vijana huja nyumbani na maandishi yao, na mmoja wao, Neema, huja karibu kila mwezi. Anaandika mchezo wa upelelezi, ana kipaji na ana haraka. Damu iko tayari kwenye mstari wa pili. Huwa anacheka nikimsalimu kwanza kwa kirefu, lakini amezoea, hujibu kwa mpangilio, akianza na mama yake anayeuza vitambaa.

Wiki iliyopita alikuja asubuhi. Akatoa karatasi zake mkobani kabla ya kukaa.

"Mama Mapendo, leo nimebadilisha muuaji. Soma."

"Nitasoma. Nyumbani hawajambo?"

"Hatujambo, mama. Papa iko kwa kazi. Kaka zangu bako kwa masomo. Shangazi alirudi Kibati juzi. Hata paka imepona muguu."

Alisema hayo akinitabasamia, karatasi amezinyoosha kwangu.

Nikazipokea. Nikaziweka mezani bila kuzisoma, nikamvutia kiti karibu na changu.